Namna ya Kuhakiki Iwapo Seli Iliyorejeshwa Imefuta Kumbukumbu Yake
Tangu Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi walipoonyesha mwaka 2006 kwamba vipengele vinne, yaani protini za kudhibiti jeni ziitwazo Oct4, Sox2, Klf4 na c-Myc, huweza kuzigeuza fibroblasti (seli za tishu unganishi) za panya kuwa seli zenye uwezo kama wa seli shina za kiinitete, ambazo huweza kuwa seli za aina yoyote mwilini, na ndizo tunazoziita hapa seli zilizorejeshwa, jambo gumu limebaki kuthibitisha kwamba alama za epijenetiki za awali, yaani alama za kikemikali zinazoamua jeni zipi ziwashwe au zizimwe, zimefutika kweli.

Anza na methili, alama ya kikemikali inayobandikwa kwenye DNA na ambayo kwa kawaida huzima jeni ikiwa kwenye promota, sehemu ya DNA inayoanzisha kazi ya jeni. Changanya DNA na bisulfaiti, ambayo huigeuza sitosini (mojawapo ya besi za DNA) isiyo na methili kuwa urasili, besi nyingine, na kuiacha yenye methili jinsi ilivyo, kisha soma mfuatano wa promota za OCT4 na NANOG, jeni zinazofanya kazi katika seli shina. Zikiwa bado zimejaa methili, koloni hiyo, yaani kundi hilo la seli, haijakamilika kurejeshwa, hata kama umbo lake linaridhisha chini ya hadubini, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Linganisha daima na seli ulizoanzia.

Usiharakishe kuzitofautisha, yaani kuzigeuza kuwa seli za tishu maalumu, seli zilizorejeshwa karibuni, kwa kuwa mara nyingi huelemea kuwa seli za tishu zilikotoka. Zihamishie kwanza kwenye sahani mpya mara kadhaa. Baada ya kuzitofautisha, pima tena, maana sasa promota hizohizo zinapaswa kufungwa tena kwa methili.