Ukivuka mpaka wa Horohoro kwenda Kenya mara ya kwanza

Miaka tisa navusha machungwa ya Muheza kwenda Mombasa, na bado nyumbani Tanga naambiwa Wakenya hawana adabu. Fanya hivi. Ukifika soko la Kongowea, mteja akikwambia "nipe tano", usinune. Kwake hilo ni ombi kamili, sawa na "naomba" yako. Bei itaje mapema, salamu ndefu wawekee wazee. (Chenji hesabu, kama unavyohesabu Tanga.) Wakenya nao watakuita mpole, wakimaanisha mzembe. Wewe shusha mzigo kabla ya alfajiri, watanyamaza. Ukirudi, pumzika Lungalunga, upande wa Kenya wa mpaka, usikilize Wadigo: shangazi anaishi Kenya, mpwa Tanzania, wanagombania mahari kwa Kidigo kilekile. Huyo mpole ni yupi, mimi sijamwona.