Kabla ya Kupika Bia Yako ya Kwanza Nyumbani

Maelekezo mengi ya kupika bia nyumbani yameandikwa na watu wa Marekani na Uingereza, na yanachukulia kuwa nawe unaishi kama wao. Yakisema "joto la kawaida la chumba", yana maana ya nyuzi 18 hadi 20. Yakisema galoni 5, za Marekani ni lita 19 na za Uingereza ni karibu 23, tofauti inayotosha kuifanya bia iwe majimaji. Kwa hiyo kabla hujanunua kitu, na kabla hujamuuliza mzoefu yeyote mtandaoni, ijue kwanza nyumba yako: joto lake, maji yake, na sheria ya mahali ulipo.

Sheria ina majibu tofauti kila unapokwenda. Marekani iliruhusu mwaka 1978, Rais Jimmy Carter aliposaini sheria inayompa mtu mzima galoni 100 kwa mwaka bila kodi, au 200 kwa kaya yenye watu wazima wawili na zaidi, ingawa Mississippi na Alabama zilikaa hadi 2013 ndipo zikakubali. Uingereza iliondoa sharti la leseni mwaka 1963. Kote huko ni ya kunywa nyumbani, si ya kuuza. Kenya, sheria ya kudhibiti vileo ya 2010 inamtaka anayetengeneza kileo awe na leseni, kwa hiyo usijidanganye kwamba ndoo moja haihesabiki. Tanzania, anza kwa kumuuliza afisa biashara wa halmashauri yako. Na kunereka, yaani kuvukiza pombe ili iwe kali, weka kando kabisa, popote ulipo: ni kazi nyingine, yenye hatari zake na sheria zake.

Sasa joto, maana hapa ndipo bia nyingi za kwanza zinapoharibikia. Hamira ya eli, ile inayotumika kwa bia nyingi za nyumbani, hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22. Inapochachua hutoa joto lake yenyewe, hivyo ndani ya ndoo kunaweza kuzidi chumba kwa nyuzi 3 hadi 5. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa chenye nyuzi 29 kinakupa ndoo ya nyuzi 33. Hamira haifi kwenye joto hilo. Inakimbia, inamaliza kazi kwa siku mbili, na inakuachia pombe inayonukia ndizi zilizoiva kupita kiasi, inayochoma koo na kuumiza kichwa kesho yake. Hali hiyo haitibiki. Kuiacha ikae mwezi mzima hakuisaidii sana.

Njia ya bei nafuu ni karai kubwa lenye maji, ndoo ikae ndani yake, na chupa za plastiki zilizogandishwa zibadilishwe asubuhi na jioni. Siku tatu za kwanza ndizo muhimu. Baada ya hapo joto likipanda kidogo halina neno. Ujanja wa kuifunika ndoo kwa fulana mbichi na kuielekezea feni unafaa Dodoma kwenye hewa kavu, ila pwani unyevu wa hewa unaulemaza. Njia nyingine ni kubadilisha hamira badala ya kupigana na hali ya hewa: kuna hamira za mashambani Norwei ziitwazo kveik, na ile ya Voss inapenda nyuzi 35 hadi 40. Kwa mtu wa pwani asiye na friji ya ziada, hiyo ndiyo chaguo letu la kwanza. Nairobi na Arusha miezi ya Juni na Julai hamna tatizo. Chumba chenyewe kinatosha. Laga, yaani bia inayochachuliwa kwenye baridi, isubiri, kwa sababu inataka nyuzi 10 hadi 13 kwa wiki kadhaa, na hiyo ni friji yenye kidhibiti joto.

Maji ya bomba yana klorini, na klorini ikikutana na kimea na hamira huzaa ladha ya plasta ya kidonda. Yachemshe au yaache wazi usiku kucha, itatoka. Baadhi ya miji ya Marekani na Uingereza hutumia kloramini, ambayo haitoki kwa njia hizo. Huko unasaga kidonge kimoja cha metabisulfaiti, kinachotosha takriban lita 75, yaani robo kidonge kwa ndoo yako. Maji ya kisima yenye chumvi yaepuke. Nunua ya madumu.

Aliyelelewa karibu na mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga, atashangaa usafi unavyosisitizwa hapa. Mbege hunywewa ndani ya siku moja au mbili, kabla vijidudu vya uchachu havijapata nafasi ya kuishinda hamira. Bia ya chupa inakaa wiki na miezi, na hao hao wadudu wanapata muda wote wanaoutaka. Kuna kazi mbili ambazo wanaoanza huzichanganya. Kusafisha ni kuondoa uchafu unaoonekana, kwa maji ya moto na kitambaa laini, kamwe si kwa steli waya, kwa sababu mikwaruzo ya ndoo ndiyo maficho ya vijidudu. Kutakasa ni hatua ya pili: kuua visivyoonekana kwenye chombo ambacho tayari ni safi. Dawa za asidi ya fosforasi wanazotumia wapikaji huchanganywa kwa mililita 1.5 kwa lita moja ya maji, zinagusa chombo kwa dakika mbili, na hazisuuzwi. Ukitumia Jiki, weka mililita 4 hivi kwa lita, subiri dakika 20, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa. Usiichanganye na siki hata tone. Inatoa gesi ya sumu. Kila kitakachogusa maji ya kimea baada ya kupoa lazima kitakaswe, pamoja na mkasi wa kukatia pakiti ya hamira, ambao karibu kila mtu huusahau.

Kwa lita 20 tayarisha kilo 2.5 za unga wa kimea, yaani maji ya kimea yaliyokwisha kukamuliwa na kukaushwa, gramu 25 hadi 30 za hopsi (maua makavu ya kutilia bia ladha) za uchungu zitakazochemka dakika 60, gramu 20 za hopsi za harufu kwa dakika 5 za mwisho, na pakiti moja ya hamira kavu ya gramu 11.5. Hopsi ndizo msesewe wa bia hii, kama lile gome linalotia mbege uchungu. Hamira iangalie tarehe, na kama imeagizwa kutoka nje fikiria ilikaa wapi njiani. Pakiti iliyolala wiki mbili kwenye ghala la moto inaweza kuwa na hamira chache zilizo hai, na ya pili ya akiba si gharama kubwa. Sufuria iwe ya lita 15 kama utachemsha lita 10 na kuongeza maji yaliyochemshwa na kupozwa baadaye. Zima moto unapomwaga unga wa kimea, la sivyo unaganda chini na kuungua. Povu la mchemko wa kwanza hupanda ghafla, kwa hiyo usiondoke jikoni. Ndoo ya kuchachulia iwe ya lita 25 hadi 30, na hamira usiimwage mpaka kipimajoto kisome chini ya nyuzi 25. Voss peke yake ndiyo inayovumilia zaidi ya hapo.

Kifaa ambacho hatukubali ukiache dukani ni haidromita, kipimo kinachoelea kwenye sampuli na kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na maji (1.000), ambao hushuka sukari inapogeuka kilevi. Mapovu kwenye kidude cha kutolea hewa hayathibitishi chochote: mfuniko unaovuja huyanyamazisha, na joto likipanda hutoa mapovu kwenye bia iliyokwisha. Kwa kiasi tulichotaja utaanza karibu na 1.047 na kuishia 1.010 hadi 1.012, yaani kilevi cha asilimia 4.7 hivi. Pima sampuli ikiwa na nyuzi 20, kwa sababu ya moto husomeka chini ya ukweli.

Hapo ndipo kuuliza kunapokuwa na faida. Swali la "bia yangu imeacha kuchachuka, nifanyeje?" litakuletea majibu kumi yanayopingana, kwa kuwa kila mmoja anajibu kuhusu ndoo yake. Andika hivi: "Lita 20, unga wa kimea kilo 2.5, hamira kavu gramu 11.5, ilianza 1.047, leo siku ya 9 inasoma 1.020, ndoo ina nyuzi 17, nimepima mara mbili ndani ya siku tatu." Mzoefu atakujibu kwa mstari mmoja: pandisha hadi 21, tikisa ndoo taratibu bila kuifungua, pima tena baada ya siku nne. Mwamini zaidi anayekuuliza namba kabla ya kushauri. Wamarekani watakujibu kwa farenhaiti. 65 yao ni 18 yako.

Chupa zianze kukusanywa mapema, kwani lita 20 zinataka 40 za nusu lita. Chukua za kahawia za vizibo vya bati. Mwanga hupenya kijani na kuipa bia harufu mbaya. Za kizibo cha kuzungusha hazizibiki vizuri kwa mashine ya mkono. Bia iingie chupani tu baada ya vipimo viwili vilivyopishana siku tatu kulingana, ikiwa na sukari ya mezani gramu 6 kwa lita, yaani 120 kwa jumla, iliyochemshwa na maji kidogo na kuchanganywa ndani ya ndoo. Kijiko cha kukisia kwa kila chupa ndicho kinachopasua chupa: moja inapata gramu 3, jirani yake 7. Panga zote ndani ya katoni iliyofunikwa, mbali na watoto, na moja kati yake iwe chupa ya plastiki ya soda. Iminye kila siku. Ikiwa ngumu kama ya soda mpya, weka chupa moja ya kioo kwenye friji siku nzima kabla ya kuifungua.