Kabla hujalipa ada ya chuo cha ufundi

Karatasi ya ada ya chuo cha ufundi huwa fupi, na ufupi huo ndio unaoponza watu. Omba mchanganuo wa gharama zote mpaka siku ya kukabidhiwa cheti, si za muhula wa kwanza tu. Anayesomea uchomeleaji atahitaji kofia ya kukinga uso, glavu za ngozi, aproni na buti zenye chuma puani. Je, chuo kinatoa, kinaazima, au unajinunulia? Na vijiti vya kuchomelea vinavyoisha kila siku ya mazoezi, analipia nani? Ipo pia ada ya mtihani, ambayo mara nyingi huenda kwa bodi nyingine kabisa, wala haimo kwenye ile karatasi. Wapo waliomaliza ada yote wakakwamia hapo.

Upande wa misaada, ruzuku hairudishwi, mkopo unarudishwa. Kila mtu anajua hilo, lakini barua ya ufadhili inaweza kuvijumlisha vyote viwili chini ya neno moja tamu, "msaada". Chukua kalamu, zungushia kila kilicho mkopo, kisha uliza riba inaanza kuhesabiwa lini. Ukikopa 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, ikahesabiwa tangu siku ya kwanza na kuongezwa kwenye deni kila mwaka, kozi ya miaka 2 inaisha unadaiwa 121,000, na hata spana ya kazi ya kulipwa hujaishika. Riba ikisubiri uhitimu, deni bado ni 100,000.

Usajili wa chuo kauhakikishe kwa mamlaka yenyewe. Cheti kilichotundikwa mapokezi chaweza kuwa kimekwisha muda, na mikopo ya serikali kwa kawaida haiendi kwa chuo kisichotambuliwa. Nyaraka zako nazo zikague mapema: jina la kwenye cheti cha kuzaliwa likipishana herufi moja na la kwenye matokeo, fomu inaweza kurudishwa dirisha la maombi likiwa linafungwa.

Kuna swali watu huona haya kuliuliza: nikiacha katikati, narudishiwa kiasi gani? Liulize. Mkopo hauachi kudai kwa sababu wewe umeacha masomo. Mhasibu akikujibu "usijali, tutaelewana", mwombe kwa upole akuandikie hayo maelewano kwenye karatasi yenye mhuri.