Jinsi ya kutembea Arabuko-Sokoke bila kumaliza wadudu

Kama wikendi unaenda kutembea msitu wa Arabuko-Sokoke kule pwani ya Kenya, kwanza kabisa baki njiani. Najua ukikuta tope unataka kulizunguka raba zisichafuke, lakini wewe ukizunguka na wa nyuma wakizunguka njia inazidi kupanuka, na yale majani ya kando ndo chakula cha viwavi, tena kuna viwavi wanaokula aina moja tu ya mmea, ukiisha huo basi. Vaa buti, pita katikati. Ukikuta vipepeo wamejazana kwenye tope wanafyonza chumvi hao, wengi madume, nenda polepole waruke wenyewe, usiwakimbize sababu ya picha.

Gogo lililooza usilipindue, mbawakawa wanazalia humo. Dawa ya mbu jipake ila usinawe kwenye vidimbwi. Usiku zima tochi kama huihitaji, nondo wanaizunguka mpaka wanachoka. Siafu we ruka tu, hao hawahitaji huruma yako 😂

Ukitoka pitia mradi wa Kipepeo pale Gede, upo tangu 1993, majirani wa msitu wanafuga vipepeo na pupa (kiwavi akishajifunga, kabla hajawa kipepeo) zinauzwa nje ya nchi.