Kuomba karatasi za kaunti Mombasa: andika barua, gongewa stempu, hesabu siku

Mtaani kwetu kuna nguzo za taa ziliwekwa halafu kazi ikasimama njiani, na kila mtu akiporwa simu usiku wasap ya mtaa inawaka moto, pesa za taa zimekwenda wapi, kontrakta ni nani, nani alimlipa. Tunaulizana sisi kwa sisi, asiyejua anamuuliza asiyejua mwenzake, na karatasi yenye jibu imelala kwenye faili ofisini. Hiyo karatasi una haki kuiona wewe mwananchi wa kawaida, huhitaji kujuana na MCA, yule mjumbe wa wodi kwenye bunge la kaunti, wala kuwa na ndugu pale ndani. Katiba ya 2010 kifungu cha 35 imesema kila raia ana haki ya kupata habari zilizoko kwa serikali na kaunti ni serikali pia, halafu 2016 bunge likapitisha Sheria ya Kupata Habari ambayo ndo inasema utaomba vipi na watakujibu kwa muda gani. Hapa naeleza vile mie nafanya, kwa sababu mara ya kwanza nilikosea na nikapoteza miezi.

Kosa langu lilikuwa hili. Niliandikia ofisi moja, sitaitaja, "naomba maelezo yote kuhusu mradi wa taa", nikapeleka, nikaacha mezani nikaenda zangu. Maelezo yote ndo nini sasa? Hata mtu mwenye nia nzuri hajui aanzie faili gani, na asiye na nia anapata sababu ya kukaa kimya. Na kwa vile sikubaki na chochote mkononi, niliporudi niliambiwa barua hiyo hawajaiona.

Kwa hivo kabla hujashika kalamu jua unataka stakabadhi gani na iko kwa nani. Kaunti inashika zahanati na hospitali zake, nasari, masoko kama Kongowea, taka, maegesho ya magari, taa na barabara ndogo za mitaani. Polisi si wao, shule za msingi na sekondari si wao, bandari na feri ya Likoni ni serikali kuu, barabara kubwa ni za serikali kuu. Na ile pesa ya CDF, mfuko wa maendeleo wa eneobunge, si ya kaunti, watu wengi wanachanganya hapa, wanaenda kumlaumu MCA kwa darasa la shule ya msingi ambalo hana habari nalo. Ukikosea ofisi usife moyo, sheria inawapa siku 5 tangu wapokee barua waipeleke kwa ofisi inayohusika, na wewe wakujulishe kabla siku 7 hazijapita, lakini ukilenga sawa tangu mwanzo unajiokolea muda.

Halafu tafuta jina la mradi vile limeandikwa kwenye vitabu vyao, hii ndo siri kubwa na watu hawaifanyi. Sisi mtaani tunaita "taa za kwa mama fulani", kwenye bajeti imeandikwa kwa jina jengine kabisa pamoja na wodi na kiasi cha pesa. Bajeti lazima itangazwe kwa wananchi, sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa mwaka upelekwe bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na kila miezi mitatu ikiisha waandike ripoti ya matumizi ndani ya mwezi mmoja. Juu ya hapo kuna ripoti za Msimamizi wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, hizo zote unazipata bure kwenye intaneti kaunti kwa kaunti, Mombasa iko. Kaa na hizo karatasi jioni moja, pengine jibu lenyewe utalikuta humo na barua usiandike. Usipolikuta, angalau utakuwa na jina la mradi na mwaka wa fedha, na hapo umeshika mpini.

Sasa barua. Kiswahili kinaruhusiwa, sheria imetaja Kiingereza au Kiswahili, kwa hivo usimlipe mtu wa saiba akutungie Kiingereza kigumu. Kisheria mkuu wa taasisi ndiye afisa wa kutoa habari isipokuwa amemkabidhi mwengine kazi hiyo, mie kwa kaunti naandikia Katibu wa Kaunti na nakala kwa afisa mkuu wa idara inayohusika. Ndani naandika hivi:

"Yah: Ombi la habari chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Mimi ni raia wa Kenya, mkaazi wa wodi hii. Naomba nakala za stakabadhi zifuatazo kuhusu mradi (jina lake kamili, wodi, mwaka wa fedha): mkataba na kontrakta, BQ ya kazi hiyo, cheti cha kukamilika kwa kazi kama kimetolewa, na rekodi ya malipo yote yaliyofanywa mpaka leo. Naomba nizipate kwa imeili, au nijulishwe nije kuchukua."

Chini jina, simu, sahihi, tarehe. Basi. Usiweke malalamiko humo, usitukane, usiandike historia ya mtaa tangu mkoloni. Kila stakabadhi itaje kwa jina lake, BQ kwa mfano ndo ile orodha ya kazi inayosema nguzo ngapi, waya mita ngapi na kila kimoja bei gani, ukiikosa hiyo mkataba peke yake hautakusaidia sana. Na usiandike unazitakia nini. Watakuuliza, karibu kila mara, "hizi unapeleka wapi?", jibu kwa heshima kwamba sheria haikutaki utoe sababu, na kweli imeandikwa hivo, haki yako haipungui kwa sababu unazotoa wala kwa vile wao wanavyodhani unataka kufanya.

Kama ni mzee wako hajui kuandika, au ana ulemavu unaomzuia, anaweza kwenda akaomba kwa mdomo na afisa ndo anatakiwa aliandike ombi na ampe nakala. Bi mkubwa wangu hakuamini nilipomwambia hivo. Na kama wana fomu yao jaza, haina shida, lakini hawaruhusiwi kukataa ombi lako eti kwa sababu tu hukutumia fomu.

Toa kopi mbili. Hii nasisitiza kuliko kitu chengine chote, kopi mbili, moja yao moja yako, na yako isitoke pale bila stempu. Mara ya pili nilipokwenda msichana wa mapokezi aliniambia, "Mama, wacha hapo tutakupigia." Nikamwambia, "Sawa mwanangu, nigongee na hii yangu kwanza." Akagonga, wino umekauka, imetoka nusu duara na tarehe haionekani. Nikamuomba arudie, akagonga tena juu ya ile ya kwanza, ikawa doa la zambarau tu. Basi nikamuomba aandike tarehe kwa kalamu pembeni na atie sahihi, akafanya, hakukasirika, na pale chini akaongeza na namba ya rejista ambayo mie hata sikuwa najua ya kuomba. Ile tarehe ya kalamu ndo iliyonisaidia baadaye, maana siku zinahesabiwa tangu walipopokea, na kama huwezi kuonyesha walipokea lini huna cha kuhesabu. Ukituma kwa imeili pia sawa, lakini piga simu uulize imepokelewa na nani na uandike jina na siku.

Siku ni 21. Wanaweza kuongeza mara moja tu, zisizidi 14, kwa mfano kama wanatakiwa wapekue makaratasi mengi, na lazima wakuambie. Kama habari yenyewe inahusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48, hiyo usiitumie kwa taa za barabarani, iwekee mambo ya kweli ya dharura. Wakinyamaza siku zikapita sheria inahesabu kwamba wamekataa, na hapa watu wengi wanapotea kwa sababu wanasubiri tu, mwezi wa kwanza, wa pili, "labda watapiga". Usisubiri. Kimya ni jibu na jibu hilo lina dawa yake.

Pesa: kuomba ni bure. Wanaweza kukutoza gharama ya fotokopi na isizidi ile gharama yenyewe, na udai risiti. Mtu akitaka ya chai ili afungue kabati mkumbushe hilo kwa upole na uandike jina lake.

Wakikataa lazima waseme kwa nini. Sababu halali zipo, usalama wa taifa, faragha ya mtu, siri za kibiashara na nyenginezo, na kwa kweli sidhani ni sawa mtu aende kuomba faili la mgonjwa wa jirani yake akaita haki. Lakini ile "mkataba ni siri ya biashara" wakikuletea kwa kazi ya umma usiikubali kirahisi, kwa sababu sheria hiyo hiyo inataka taasisi ya umma yenyewe itangaze habari za mikataba bila kuombwa: kazi gani, pesa ngapi, nani kapewa na ya muda gani. Na kama ukurasa mmoja una kitu cha siri wafiche hicho wakupe zilizobaki.

Dawa ya kukataliwa ni Ombudsman, ile tume inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma. Una siku 30 tangu ujulishwe uamuzi, unaomba wapitie upya, ni bure, wana tawi hapa Mombasa. Wapelekee barua yako yenye stempu na jibu kama lipo, kama hakuna sema hakuna. Wana nguvu ya kuita ofisi ijieleze na kuamuru stakabadhi itolewe.

Baada yao kuna mahakama, na msidhani huko ni kwa matajiri wa Nairobi peke yao. Kesi ya mikataba ya reli ya SGR ilisikizwa hapa hapa Mahakama Kuu ya Mombasa, wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliomba wapewe mikataba, hawakupewa, wakashtaki, na Mei 2022 jaji akaamua kwamba kuwanyima ni kuvunja kifungu cha 35. Novemba mwaka huo huo serikali ikatoa sehemu ya zile karatasi. Nani alidhani reli ya mabilioni itafunguliwa kwa kifungu kile kile ninachoandika mie kwenye barua ya taa?

Barua yangu mie ya taa ilijibiwa siku ya 19. Mkataba kurasa nyingi, BQ kurasa nne, nikaruka moja kwa moja hadi kwenye BQ kwa sababu bei na idadi ziko huko. Nguzo 18 na taa zake. Baada ya Isha tukatoka mie, jirani yangu na mtoto wake wa kiume na tochi ya simu, tukatembea barabara yote kutoka mwanzo wake mpaka msikitini tukizigusa nguzo moja moja, mtoto anahesabu kwa sauti. Kumi na moja. Tukarudi kwa upande wa pili kuhakikisha, kumi na moja. Kesho yake nikaandika barua ya mistari minne, naomba cheti kinachoonyesha nguzo 7 zilizobaki ziliwekwa wapi, nikatoa kopi mbili, na safari hii wino ulikuwa mbichi.