Somo: Droni imegoma kupaa? Angalia rangi kwanza kabla hujampelekea fundi

Wadau habari za wikendi. Watu watatu wameniuliza kitu kilekile, droni imeleta meseji ndefu halafu propela hata hazizunguki, je imekufa? Haijafa. Mimi yalinikuta kwenye sendofu moja Kisongo, emsii ameshatangaza "jamani wote juu, tupunge mikono", ukumbi mzima unaangalia mawinguni na droni imekaa kwenye nyasi kama kuku anayeatamia. Uwanja wa ndege wa Arusha upo hapohapo Kisongo na wala sikuwa nimewaza.

Naongelea droni za kampuni ya DJI maana ndo wengi tunazo, zile ambazo programu yake bado inafunga baadhi ya maeneo, kama ya karibu na uwanja wa ndege.

Kwanza, fungua ramani ya kwenye apu ukiwa nyumbani, tafuta sehemu unayoenda kupiga kazi, na ufanye hivyo KABLA hujala advansi ya mtu.

Pili, rangi ya eneo lako kwenye hiyo ramani. Njano ni tahadhari tu, unasoma unakubali unapaa. Bluu imefungwa ila unaweza kuomba kufunguliwa kwa akaunti yako iliyothibitishwa. Nyekundu hupai kabisa, mpaka uwatumie DJI vibali vya mamlaka. Kijivu ndo inachanganya watu, unapaa fresh halafu ghafla inagoma kupanda, unabonyeza stiki weee haiendi, hapo umewekewa dari. Hiyo inakaa sana usawa wa miisho ya ranwei kwa sababu ndege inayotua inakuja ikishuka taratibu toka mbali, kwa hiyo usipige hesabu ya "mimi nipo mbali na KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro)", unaweza kuwa mbali ukadhani upo salama, cheki ramani.

Tatu, ule ujanja wa kuwashia droni chini ya bati ili isishike GPS na isijue ipo wapi, hausaidii. Ikishatoka nje ikashika na ikajikuta kwenye nyekundu inahesabu sekunde 100 halafu inajishusha yenyewe, wewe kazi yako ni kuisukuma pembeni isitue mfereji au kichwani kwa bibi harusi.

Nne, na hapa ndo wengi tunajidanganya: DJI wakikufungulia wamefungua kufuli lao tu. Kibali ni TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga), na Wizara ya Ulinzi nayo inahusika. Ramani kutokuwa na rangi haimaanishi umeruhusiwa.

MASWALI

Swali: Kaka mi nipo Marangu, rimoti inasoma mita 80 ila naona kabisa inakaribia kugonga miti, GPS mbovu?

Jibu: Nzima hiyo. Inahesabu kuanzia pale ulipoirushia, haijui mlima unapanda. Ukirusha chini ukaielekeza juu mgombani, 80 ya kwenye skrini inaweza kuwa 20 tu toka ardhini. Na kinyume chake ukiipeleka bondeni inasoma ileile 80 wakati droni iko juu ya ardhi kuliko unavyodhani, hapo ndo unaingilia wenye ndege. Halafu panga na urefu wa kurudia nyumbani (ule droni inaopanda ikiwa inarudi yenyewe ulipoirushia) uzidi miti, wengi wamelilia droni zao hapo.

Swali: Nikizima data je, si itashindwa kujua nipo wapi?

Jibu: Haha chalii wangu. Maeneo yamehifadhiwa ndani ya droni yenyewe, inatumia setilaiti, bando halihusiki. Unachojikosesha ni apdeti. Na kama ulifunguliwa eneo, ile leseni iingize kwenye droni ukiwa bado una mtandao, usisubiri ufike porini.

Swali: Mkuu nina mgeni anapanda Kili kwa Machame anataka shoti za droni, apu ikikubali si narusha tu?

Jibu: Hapana. Mle ni hifadhi, wenyewe ni TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) na wana utaratibu wao tofauti na TCAA. Mwambie mgeni aanze kuomba akiwa bado kwao, akija bila kibali ibaki hotelini.