Mfumo wa mauzo ya dagaa: anza na daftari la karani

Wengi mnaniuliza muanze na lugha gani ya programu. Funga kompyuta kwanza. Nenda soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, magunia ya dagaa yanaposhushwa, ukae na karani siku nzima.

Hatua ya 1: Soma daftari lake. Nilikuta mteja mmoja kaandikwa "Mama Nansio", kwingine "mama wa Ukerewe", kwingine namba ya simu tu. Akawa anadaiwa pesa aliyokwishalipa. Ndiyo maana kila mteja apewe namba yake moja.

Kisha uliza watu wanafunga hesabu lini. Mfumo wangu wa kwanza ulitoa ripoti kila mwisho wa mwezi. Mwenye mitumbwi akaitazama, akaniuliza, "Mwalimu, hii ni ya giza lipi?" Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti, mitumbwi inapumzika. Yeye anahesabu kwa giza, yaani siku za uvuvi kati ya mbalamwezi moja na nyingine, na mzunguko wa mwezi wa angani ni siku 29 na nusu hivi. Ripoti yangu ilikuwa inakata giza moja vipande viwili! Ilibidi niongeze jedwali la giza, lenye tarehe ya kuanza na ya kuisha.

Hatua ya 2: Chora mzigo unavyotembea, kutoka mtumbwini hadi kwa mnunuzi. Mwonyeshe karani akusahihishe.

Hatua ya 3: Panga majedwali: wateja, mauzo, malipo. Msingi wa kupanga data kwa majedwali hivi ni wa Edgar Codd, mtaalamu wa kompyuta, 1970. Salio usilihifadhi, likokotoe. Bei ya siku ile ihifadhi kwenye mauzo, maana kesho itabadilika na deni la jana halipaswi kubadilika nayo.

Hatua ya 4: Jenga kidogo; SQLite, programu ndogo ya hifadhidata, inatosha. Daftari liendelee sambamba mpaka hesabu zilingane giza zima.

Maswali

*Shikamoo mwalimu. Mteja akilipia mizigo miwili kwa mkupuo?*
Marahaba. Weka jedwali jingine, linaloonyesha kila malipo yamegusa mauzo yapi na kwa shilingi ngapi. Wanafunzi wengi hulikwepa, halafu madeni hayaeleweki.

*Kaka, huku kisiwani mtandao unakatika kutwa.*
Rekodi ikae kwenye simu kwanza, itumwe mtandao ukirudi. Ila usitumie namba za mfululizo: simu yako na ya mwenzako wa Ukara zote zitatoa mauzo namba 15, na moja itafuta nyingine. Kila simu itengeneze kitambulisho kirefu cha nasibu.